Pepo Aliyetaka Kusikia Njaa

Nianze?

— Anza, tukufuate.

Nikitembea?

— Tutatembea.

Nikichutama?

— Tutachutama.

Nikinyamaza?

— Tutakuamsha.

Basi songeni karibu na moto, mwenye mtoto ampakate, mwenye karanga azigawe.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wakati wanyama wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na kijiji mlimani. Maji ya kijiji hicho yalitoka msituni juu, yakakusanyika kwenye bwawa liitwalo ndiva, kisha yakashuka kwa mifereji hadi kwenye migomba na maharage ya kila nyumba. Na huko msituni, juu ya ndiva, walikaa pepo wa upepo.

Mmoja wao alikuwa kijana, jina lake Mvumo. Hakuwa na mkono, hakuwa na mguu, hakuwa na tumbo. Kazi yake ilikuwa kupita. Alitikisa migomba, akapita. Alipeperusha makapi ya mahindi, akapita. Alipuliza vumbi machoni mwa mbuzi, akapita. Hakuwahi kuchoka, hakuwahi kuumwa, na hakuwahi kushiba.

Kila jioni Mvumo alipita uani kwa Nakijwa, mkunga wa kijiji. Nakijwa alikuwa mjane, binti zake wote wameolewa vilima vya mbali. Akitoka shambani aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akasema njaa inamuuma kwelikweli. Halafu alipakua makande, akatia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho na kutabasamu. Hapo Mvumo alisimama kwenye ua akashangaa. Kitu kinamuuma, naye anatabasamu. Ni kitu gani hicho?

Jioni moja alimuuliza. Nakijwa hakuogopa, maana enzi hizo watu walizoea kusemeshwa. Alijaribu kumweleza njaa, akashindwa. Alijaribu kumweleza shibe, akashindwa. Mwisho akasema, "Mpaka uwe na tumbo, ndugu yangu. Bila tumbo hatutaelewana."

Mvumo akapanda mlima hadi kwa Kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja akawa mviringo. Zamani zile yeye ndiye alikuwa mtunza miili.

Kakakuona akamuuliza, "Unautaka mwili?"

"Nautaka."

"Unautaka pamoja na njaa yake?"

"Nautaka."

"Unautaka pamoja na maumivu yake?"

Mvumo hakujua maumivu ni nini. "Nautaka," akasema.

Kakakuona akamwonya kwamba mwili ni mmoja tu. Akiuacha, atarudi kuwa upepo, na mwingine hatapewa. Kisha akachukua udongo wa mtoni, akaukanda, akaufinyanga, akamvuta Mvumo ndani yake kupitia puani. Mvumo alipouliza mwili unatumiwaje, Kakakuona alisema yeye ni mtengenezaji tu, mambo ya matumizi akawaulize wenye nao. Akajikunja, akalala.

Basi Mvumo akashuka mlimani, kijana mrefu mwenye magoti makubwa, amejifunika jani la mgomba. Alianguka mara tatu njiani, na mara zote tatu alicheka. Nakijwa alipomwona uani hakushangaa sana. Watu wengi walikuwa wamefika duniani mikononi mwake, wote wakiwa uchi na wakilia. Huyu amefika uchi anacheka, basi. Akampa shuka ya marehemu mumewe, akamwambia awe mwanawe.

Jioni ile kitu kikamkwaruza Mvumo chini ya mbavu. Akakimbia kumwambia mama yake kwamba imekuja. Nakijwa akapakua makande. Mvumo akatia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho, akatabasamu. Wakaelewana.

Lakini usiku haukuwa mbali, na usiku ulikuja na jambo lake.

"Mama, nakufa," Mvumo alisema. "Macho yananifunga na sijayaruhusu."

"Hufi, mwanangu. Kaa hapa unieleze."

Akaeleza, Nakijwa akacheka, akamwambia huo ni usingizi, alale. Mvumo hakukubali. Pepo halali. Kwake yeye, kuzimika na kujisahau ndiko kufa kwenyewe. Mama yake alipolala akikoroma, Mvumo alimkalia macho, akimwekea kidole puani kila mara ahakikishe bado yupo. Kulipokucha alioga maji baridi ya ndiva, akaenda kusafisha mifereji pamoja na wanakijiji. Kulipokuchwa akatembea huku na huko. Kukacha tena, kukachwa tena, hajalala.

Mambo yakaanza kumwendea kombo. Akavaa shuka kichwani. Akatia chumvi kwenye maji ya kuku. Alipopita kwa Mrindoko mhunzi, alimkuta mbuzi amefungwa mlangoni, akainama kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo, mama mkwe." Mboni, binti wa Mrindoko, alikuwa akipeleka makaa kwa baba yake. Alicheka hadi kapu likamdondoka. Mvumo naye alitaka kucheka, akasahau kicheko kinaanzia wapi. Badala yake akalia, na hakujua analilia nini.

Nakijwa akamfuata, akamshika mkono unaotetemeka, akampeleka kivulini nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa utosini. Akatandika mkeka, akajilaza, akauweka mkono wa Mvumo juu ya kifua chake.

"Nitalala," akamwambia. "Usiutoe mkono."

Akalala. Mvumo akasikiliza kwa kiganja. Ndani kulikuwa na kitu kinachogonga. Kilipunguza mwendo kidogo, lakini hakikuacha. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, bila mwenyewe kujua. Mvumo akakaa pale muda mrefu, akielewa polepole. Kumbe mtu akilala, moyo haulali. Mapafu hayalali. Wapo wanaobaki zamu. Na kwa kuwa wapo wanaobaki zamu, naye akajilaza ubavuni pa mama yake, akayaachia macho yafunge.

Aliamka kesho yake, ng'ombe wakienda malishoni. Majani yalikuwa ya kijani kuliko jana. Mikono ilikuwa imetulia. Nakijwa alimweleza kwamba mtu akilala ubongo unapata nafasi ya kujifagia na kupanga ya mchana, nyama zilizochoka zinajitengeneza, na watoto ndipo wanaporefuka. Mvumo aliuliza kama anaweza kulala tena. Akaambiwa asubiri, kuna kazi.

Haya. Akajua njaa, akajua usingizi. Sasa akajua utamu, na hapo ndipo shida ya pili ilipoingia.

Majirani walimpenda kijana yule anayecheka kila kitu, wakawa wanamkaribisha. Huku akapewa asali, kule nyama ya kuchoma, pale asali tena. Akaamua kwamba hicho ndicho chakula. Maharage akayasukuma pembeni. Mboga ya mnafu akaiita majani ya mbuzi. Maji hakuyataka kabisa. Alisema anayafahamu tangu alipokuwa upepo, alikuwa akiyapitia juu kila siku na hakuona la maana.

Haukupita muda, tumbo likawa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Kichwa kikawa kinagonga. Mkojo ukawa tone tone, rangi ya gome lililochemshwa. Akaja akishika ukuta.

"Mama, nakufa."

"Hufi, mwanangu. Kaa hapa unieleze."

Nakijwa akamuuliza nini kimeingia. Akajibu kwa kirefu, akilamba midomo. Akamuuliza nini kimetoka. Akatazama chini.

Basi mama akampeleka kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba. Zamu ya maji ilikuwa ya jirani, na mfereji wao ulikuwa umebaki tope na takataka zilizokwama kwenye kona. Nakijwa akamwambia aangalie vizuri, maana ndivyo alivyo ndani. Meno yanasaga, tumbo linakoroga, utumbo mrefu uliojikunja kunja unachukua kilicho na faida na kukikabidhi kwa damu iupelekee mwili wote. Kinachobaki lazima kisukumwe nje, nacho hakisukumiki kama ni kikavu na hakina makapi ya kushikana. Kisha akamgusa kiunoni, kulia na kushoto, akamwambia hapo nyuma kuna figo mbili, umbo lake kama punje za maharage yale anayoyakataa. Kazi yao ni kuchuja damu usiku na mchana na kuutoa uchafu kwa maji.

"Umewanyima maji," akasema. "Sasa waoshee nini?"

Mvumo akanywa maji, kidogo kidogo, kutwa nzima. Akala mnafu, akala papai, akala maharage na akaona hayana ubaya. Akatembea hadi ndiva na kurudi, akanyoosha mgongo, akatembea tena. Asubuhi iliyofuata alikwenda migombani, akakaa huko. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi vitani na ushindi. Alitaka kwenda nyumba hadi nyumba kuwapa watu habari. Nakijwa akamshika shuka, akamwambia kuna habari ambazo mtu hufurahi nazo peke yake.

Mnacheka. Chekeni, ya tatu haikuwa na kicheko.

Nakijwa alikuwa amekwenda kumzalisha mtu kilima cha pili. Mvumo akabaki anakata majani ya mbuzi. Mundu ukateleza, ukampasua ugokoni. Maumivu aliyajua siku hiyo, akapiga yowe. Lakini alipoangalia akaona ajabu. Damu ilitoka, ikapungua, ikaganda, ikajifunika yenyewe. Alifurahi sana. Alidhani mambo yameisha, akaendelea na kazi, akabeba samadi ya zizini kupeleka shambani, tope na kinyesi vikimwagikia pale pale palipochanika. Hakuosha. Hakufunga.

Nakijwa aliporudi, alimkuta amejikunja karibu na jiko, anatetemeka na huku anawaka. Mguu umevimba unang'aa, na mstari mwekundu umeanza kupanda kuelekea pajani.

"Mama, nakufa."

Nakijwa akautazama mguu. Safari hii hakusema hufi. Alisema tu, "Kaa hapa unieleze."

Akachemsha maji na chumvi, akayaacha yapoe. Akatuma mtu kwa Mrindoko alete kisu chembamba, akakipitisha motoni, akakifungua kidonda. Usaha ukatoka. Akakiosha, akakiosha tena, akakiosha tena, akaufunga mguu kwa kitambaa kilichochemshwa na kuuinua juu ya mto. Akamnywesha maji. Akamnywesha uji. Mboni alileta maji mengine, akaketi mlangoni, na siku hiyo hakucheka.

Mvumo akauliza moto huu unatoka wapi. Nakijwa akamweleza kwamba ngozi ni ua wa mwili, na ua ukibomoka wadudu wadogo wasioonekana huingia. Damu ina askari wake. Wamefika, wanapigana, na moto anaousikia ni wa vita hivyo.

"Nani anashinda?" Mvumo akauliza.

"Bado sijui," mama akasema.

Kesho yake mchana wenzake wakamjia. Pepo wote wa msitu wa ndiva walishuka, wakaizunguka nyumba, wakapiga miluzi kwenye nyasi za paa. Toka, Mvumo. Toka, huku hakuna mguu. Toka, huku hakuna moto. Toka, huku hakiumi kitu. Na Mvumo alijua namna ya kutoka. Ilikuwa rahisi kabisa. Angeshusha pumzi, halafu asivute nyingine.

Akaishusha. Akafikiri. Miguuni pake Nakijwa alikuwa ameketi tangu jana yake, amemshika kifundo cha mguu ili mguu usianguke kutoka juu ya mto. Kichwa kilikuwa kimemwinamia kifuani, usingizi umemchukua hivyo hivyo, lakini mkono haujaachia. Mvumo akauona ule mkono. Akiondoka, mama ataamka ameshika kitu cha baridi.

Akavuta pumzi. Iliuma. Akavuta nyingine. Iliuma. Akavuta ya tatu.

Jua lilipoanza kuinama, jasho likamtoka, kwanza kwenye paji la uso, kisha mwili mzima, hadi mkeka ukalowa. Alidhani anayeyuka. Nakijwa akaamka, akampapasa shingoni, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mvumo akasema anasikia njaa. Wenzake walikuwa wameshakwenda zao kutikisa mahindi ya watu.

Baada ya hapo alikuwa mtu kweli, mwenye kovu. Misimu ikapita. Alijifunza kunawa mikono kabla ya kula na kuosha kila mkwaruzo. Alijifunza kufanya kazi na kupumzika. Mrindoko alipoona kijana haachi kupita mlangoni pake, na kwamba Mboni haachi kwenda kuchota maji ambayo tayari yamejaa mtungini, aliuliza kijana huyu ni wa ukoo gani. Nakijwa akajibu kwamba ni wa ukoo wake yeye. Wakaoana, watu wakala, watu wakacheza.

Lakini Nakijwa alikuwa anakohoa.

Alikohoa asubuhi akiinama mafigani. Akakohoa akiinuka. Akakohoa akicheka, hadi akaacha kucheka. Wanawake wote wa kijiji walikohoa hivyo wakifika umri wake, wakasema ni uzee. Nyumba za kupikia zilikuwa na mlango mmoja mfupi na hazikuwa na dirisha, ili joto libaki ndani na maharage ya darini yasioze. Ndiyo maana Nakijwa alipenda kula uani.

Mvumo akamwambia ni moshi. Nakijwa akasema amezaliwa kwenye moshi. Mvumo akasema atoboe ukuta. Nakijwa akasema ukuta ule aliujenga marehemu mumewe kwa mikono yake, na hautatobolewa yeye akiwa hai. Yule aliyeweza kueleza mwili wa kila mtu, habari za mwili wake hakutaka kuzisikia. Mvumo akayaacha, kwa kuwa ni mama.

Siku moja Nakijwa alikuwa anapanda kutoka mferejini na mtungi. Katikati ya mteremko akasimama. Akaketi. Mtungi ukabingirika, ukavunjika. Mvumo alipomfikia, midomo yake ilikuwa imepauka na kifua kinahema kama mvukuto wa Mrindoko. Akambeba mgongoni hadi uani, akamketisha wima, amemwegemezea kifuani pake.

"Mwanangu, nakufa," Nakijwa alisema.

"Hufi, mama," Mvumo alisema. "Kaa hapa unieleze."

Lakini mama hakuwa na pumzi ya kueleza. Basi Mvumo akamweleza yeye. Alimwambia kwamba kifuani kuna mapafu mawili, na ndani yake kuna vijumba vidogo visivyohesabika. Hewa ikiingia, inaiachia damu kile kinachohitajiwa na moyo na ubongo na misuli, kisha inatoka na uchafu. Vijumba vikijaa masizi, hewa inabisha hodi na haifunguliwi.

"Mimi nilikuwa upepo, mama," akasema. "Kila jioni nilikukuta hapa uani. Jikoni kwako sikuingia hata mara moja. Nilijaribu. Hakuna njia."

Nakijwa akautazama ukuta wa mumewe. Aliutazama muda mrefu, machozi yanamtiririka, yawe ya moshi au ya mume, sijui.

"Vunja," akasema.

Mvumo akavunja. Mrindoko akaja na nyundo na patasi. Wakatoboa dirisha upande wa mashariki, wakatoboa lingine upande wa magharibi, wakauinua mwamba wa paa ili moshi upate pa kutokea. Kuni mbichi zikakatazwa, zikaanikwa kwanza. Moto ulipowashwa, moshi ulipanda ukatoka, na watu waliokuwa ndani wakaonana sura. Mboni alisema hakujua kwamba kuta za jiko lile zina rangi.

Kikohozi hakikuisha siku moja, na hakikuisha chote. Akipanda mlima, Nakijwa ilimbidi apumzike njiani. Lakini alirudi kucheka, na jioni sasa alikula popote alipotaka. Wanawake walikuja kuangalia lile jiko, wakarudi kwao wakazungumza na waume zao, na kabla ya mvua nyingine nyumba za kijiji zote zilikuwa na macho.

Bado mpo?

— Tupo.

Basi malizieni nami.

Mboni akashika mimba. Asubuhi moja, umande haujakauka, uchungu ukamshika. Nakijwa akaingia, Mvumo akabaki nje, maana huko mwanamume haingii. Alizunguka nyumba akajipiga vidole kwenye mawe. Akasikia Mboni akilia, akasikia akinyamaza, akasikia Nakijwa akimsifu. Kisha hakusikia kitu.

Mtoto alikuwa ametoka, wa kike, mzima vidole vyote, ila alikuwa kimya. Rangi yake ilikuwa ya zambarau. Nakijwa akamfuta mdomo na pua. Akamkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Akamwinamia ampulizie, na kikohozi kikamshika, kikamkata. Akajaribu tena, kikamkata tena.

"Mvumo," akaita. "Ingia. Pumzi yangu haitoshi."

Akaingia. Nakijwa akamwonyesha: mdomo wako ufunike mdomo na pua yake. Upulize kidogo tu, kama unavyopuliza kaa moja bila kupeperusha majivu. Mvumo akainama. Akapuliza. Kifua kidogo kikapanda kama jani, kikashuka. Mboni alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anatazama. Akapuliza tena. Kikapanda, kikashuka. Akapuliza tena.

Mtoto akakunja uso. Akapiga chafya. Akafungua mdomo, akavuta pumzi yake mwenyewe, akalia hadi mbuzi wa Mrindoko wakajibu huko ng'ambo, na rangi ikaanza kubadilika kuanzia midomoni ikienda mashavuni.

Mvumo akauliza kama anaumwa.

"Hapana," Nakijwa alisema, akimweka mtoto juu ya kifua cha mama yake. "Ana njaa."

Nami ngano yangu nimeiketisha hapo, imekunja miguu, mwenye kuitaka aichukue aende nayo kwao.

— Tumeichukua.

Na mafunzo yake ni haya: mwili tulionao ni mmoja tu, na ndani yake wapo wanaotufanyia kazi bila kupumzika. Tuwape maji, tuwape chakula cha kila namna, tuwape usingizi na hewa safi, na wakituambia kitu tusiwajibu kwamba ni uzee. Na anayewatunza wengine naye akubali kutunzwa.

Kuna mmoja hapo nyuma amesinzia tangu Mvumo alipokwenda migombani. Nimemwona, nikamwacha ubongo wake ufagie. Mimi mnisamehe, nimekunywa maji mengi leo, na figo zangu zinaniita nje.